Barua ya Chuo Si Chuo: Nasaha kwa Vijana Waliomaliza Kidato cha Sita na kwa Wazazi Wao

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Jumuiya mjini Mbale, na kutiwa katika kitabu hiki cha kumbukumbu kwa amri ya Halmashauri.)

Bwana Mwenyekiti, waheshimiwa masheikh na maimamu, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa upande ule wa madirisha:



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa akili ya kupambanua na ulimi wa kuulizana. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Halmashauri imeniamuru niseme leo juu ya jambo ambalo halimo katika vitabu nilivyosomeshwa. Mimi elimu yangu ni ya chuoni, mbele ya masheikh, na ya shule mpaka darasa la saba. Katika chuo kikuu sikuingia kuwa mwanafunzi. Lakini kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, baraza ya msikiti hujaa wazazi wenye karatasi mikononi. Huyu ana barua mbili wala hajui aishike ipi. Yule mwanawe hakunyimwa wala hakupewa, ameambiwa angoje orodha nyingine. Wa tatu hana kitu, naye aona haya kupita mbele ya jirani zake. Hawa hawaji kuniuliza habari za hisabati wala za uganga. Waja kuniuliza kama waliuze shamba. Na swali la kuuza shamba ni swali la amana na la haki za watoto wengine nyumbani. Kwa hiyo sina ruhusa ya kulikwepa.

Neno langu ni moja, nami nitalizunguka mpaka lieleweke: barua ya chuo si chuo. Barua ni ruhusa ya kuanza safari, na safari haipimwi kwa kuanza, hupimwa kwa kufika. Basi nafasi iliyo bora si ile yenye jina kubwa, bali ni ile ambayo kijana na nyumba yake wataweza kuimaliza. Na ikiwa nafasi ya namna hiyo haijapatikana mwaka huu, basi kungoja mwaka mmoja kwa utaratibu ni heri kuliko kuanza kwa fahari na kukatikia njiani.

Ndugu zangu, tusisahau tulikotoka. Wazee wetu wengi katika nchi hii walikaa nje ya shule kwa sababu shule nyingi za zama zile zilikuwa za misheni, nao walichelea dini za watoto wao. Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922, lakini ilipita miaka mingi kabla ya mtoto wa Kiislamu kuonekana humo si kwa nadra. Leo tatizo letu limegeuka. Watoto wetu wamesoma, wamefaulu, na wengine wana barua zaidi ya moja. Hili ni tatizo la neema, na neema nayo ina hesabu yake.

Kwanza yatupasa tuelewe mambo yenyewe yalivyo, kwa maana wengi wetu tunahuzunika kwa kutojua. Mtihani wa kidato cha sita hufanywa mwishoni mwa mwaka. Matokeo hutoka katika miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Na vyuo vikuu vingi hufungua milango yake mnamo Agosti. Kwa hiyo kila kijana wa nchi hii ana kadiri ya miezi minane ya kungoja, apende asipende. Tutakuja kuizungumza miezi hiyo.

Nafasi zinazolipiwa na serikali katika vyuo vyake ni takriban 4,000 kwa mwaka kwa nchi nzima. Na mtihani wa mwaka 2023, na ule wa 2024, kila mmoja ulikusanya watahiniwa zaidi ya 100,000. Mwenye macho na aone. Mtoto ambaye hakupata udhamini wa serikali hakuitia nyumba yake aibu. Amekosa mlango mwembamba ambao walio wengi wameukosa.

Kuna na hesabu nyingine inayowashangaza wazazi. Utamsikia mtu akisema, mwanangu ana alama nyingi kuliko mtoto wa fulani, imekuwaje yule akaitwa na wangu akaachwa? Hudhani mara moja ni dini, au kabila, au bahasha. Huenda siku nyingine ikawa hivyo, lakini mara nyingi ni hesabu. Vyuo vya serikali vinapopima mtoto kwa ajili ya somo fulani havijumlishi alama tu. Masomo mawili yaliyo ya lazima kwa fani ile huzidishwa mara tatu. La tatu lifaalo huzidishwa mara mbili. Na mengine huhesabiwa kwa uzito mdogo zaidi. A ina alama 6. Ikiwa ameipata katika somo la lazima huwa 18. Akiipata katika somo lifaalo tu huwa 12. Basi watoto wawili wenye alama sawasawa katika cheti watakuwa mbalimbali kabisa mbele ya mlango wa uhandisi. Aliyelijua hili mapema hujaza fomu yake kwa akili: huweka mbele fani ambayo masomo yake ya nguvu ndiyo ya lazima, wala haweki mbele fani aliyoisikia ikisifiwa harusini.

Sasa natuje kwenye mizani yenyewe. Tuseme kijana ana barua mbili. Moja ya fani yenye jina kubwa, kwa kujilipia. Ya pili ni ya fani isiyo na kishindo, ualimu kwa mfano, au kilimo, na ada yake ni ndogo, au imelipiwa. Nawausieni mpime kwa mambo manne.

La kwanza: je, fani hiyo imetambuliwa? Katika nchi yetu liko Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2001, nalo ndilo linaloidhinisha vyuo na fani zinazosomeshwa. Jengo zuri si idhini, na tangazo la redioni si idhini. Mzazi aulize kwa maandishi, kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, kama fani ile ina idhini iliyo hai. Tunapomnunua ng'ombe tunamfungua kinywa tukamtazama meno. Sembuse kitu cha bei ya ng'ombe ishirini?

La pili: je, tutaweza kuimaliza? Hapa ndipo mashamba yanapoliwa. Mtu huona ada ya muhula mmoja katika barua, akasema, hii naiweza. Lakini barua inamwonyesha mlango tu, nyumba yote hajaiona. Tuseme ada ni shilingi 1,500,000 kwa muhula. Fani ya miaka mitatu ina mihula 6. Hiyo ni 9,000,000. Ya miaka minne, kama uhandisi au sheria, ni mihula 8. Hiyo ni 12,000,000. Uganga ni miaka mitano, mihula 10, na ada yake aghalabu ni kubwa mno kuliko hii niliyoitaja. Na akishamaliza humkabili mwaka wa mazoezi hospitalini kabla hajawa mganga kamili. Mwanasheria naye, baada ya miaka yake minne, hana budi kupita Kampala au mahali pengine kwa masomo ya uwakili. Na juu ya yote hayo ongeza ada ndogondogo za chuo ambazo hazimo katika ada ya masomo, na chumba, na chakula, na nauli, na vitabu. Andikeni yote katika karatasi moja, mama akiwapo, na mtoto akiwapo. Halafu jumlisheni. Kisha ulizeni: tukiuza shamba leo, fedha yake itafika muhula wa ngapi?

Ikiwa jibu ni muhula wa tatu, basi hilo shamba halikununua elimu. Limenunua mihula mitatu. Na mihula mitatu haina cheti, wala haina ajira, wala haioti kahawa. Mtoto atarudi nyumbani hana shahada, na baba hana shamba, na wadogo zake hawana hata ada ya msingi. Mimi sisemi shamba haliuzwi kamwe kwa ajili ya elimu. Nasema lisiuzwe kwa ajili ya mwanzo usio na mwisho, wala lisiuzwe pasipo kuwauliza wale ambao nao wana haki ndani yake.

Katika mlango huo huo wa fedha, nina neno juu ya mikopo. Nchi yetu ilitunga sheria ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu mwaka 2014, na mabenki nayo na vyama vya kuweka na kukopa hukopesha wazazi. Kabla hamjatia saini, ulizeni: kitakacholipwa ni kile kile kilichochukuliwa, au kina nyongeza? Nyongeza ya sharti ni riba, na riba hukumu yake mwaijua. Leteni karatasi kwa wanazuoni wenu isomwe pamoja, wala msitie saini kwanza kisha mkaja kutafuta fatwa.

La tatu: je, fani inamfaa mtoto huyu, au inamfaa baba yake? Baadhi yetu tunataka tuitwe baba daktari. Mwenyezi Mungu amegawa vipawa kama alivyogawa riziki. Mtoto anayependa udongo na wanyama, mkampeleka katika vitabu vya sheria, atasoma kwa machozi. Na asomaye kwa machozi hushindwa, au hufaulu akaichukia kazi yake umri wake wote. Mwache aseme. Kumsikiliza mtoto hakumpunguzii mzazi heshima. Nanyi vijana, mkipewa nafasi ya kusema, semeni kwa adabu na kwa sababu. Kusema tu kwamba rafiki zangu wote wanakwenda Kampala hiyo si sababu.

La nne: dini yake itakaaje huko? Silisemi hili mwisho kwa kuwa ni dogo. Nalisema mwisho ili libaki masikioni. Je, pana msikiti karibu? Je, wapo Waislamu wenziwe? Atakaa na nani? Mtoto wa miaka kumi na tisa aliyetoka katika nyumba ya adhana akaingia katika chumba cha kupanga, peke yake, ana fedha ya muhula mzima mfukoni, huyo amepewa mtihani mgumu kuliko wa kidato cha sita. Tusimnyime elimu kwa hofu hiyo. Wazee wetu walifanya hivyo, na hasara yake tumeiona. Lakini tumtafutie mwenyeji, tumpe namba ya imamu wa pale, tumzuru.

Nimemaliza mizani ya barua mbili. Sasa juu ya yule anayengojeshwa.

Vyuo hutoa orodha ya kwanza, kisha ya pili, na pengine zaidi, kwa kadiri wale walioitwa kwanza wanavyokosa kufika. Kadhalika wako vijana wetu walioomba nafasi nje: Madina, ambako chuo kikuu cha Kiislamu kilianzishwa mwaka 1961, au Al-Azhar, au kwingineko, nao hukaa miezi mingi bila jibu. Huyo kijana mkononi ana barua moja ya hakika, na moyoni ana nyingine ya matumaini. Afanyeje?

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni wako, japo umechakaa. Juu yake utasali sala ya leo. Msala unaopita ni mzuri, lakini u mabegani mwa mtu mwingine. Basi kijana aishike barua ya hakika mpaka ile nyingine ifike mkononi, isomwe, na masharti yake yajulikane. Auulize uongozi wa chuo mambo matatu: mwisho wa kulipa ni lini; nikilipa kisha nikaondoka, nitarudishiwa kiasi gani; na je, yawezekana kuahirisha kuanza kwa mwaka mmoja kwa barua maalumu? Vyuo vingi vina mlango wa kuahirisha, lakini haufunguki wenyewe. Hufunguliwa kwa maombi yaliyoandikwa katika wakati wake. Anayenyamaza akadhani nafasi yake inamngoja, hurudi akakuta imekwisha kupewa mtu.

Na nafasi za nchi za mbali zisipimwe kwa tiketi ya ndege tu. Khartoum ilisomesha vijana wengi wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na kheri yake tunaijua. Lakini vita vilivyoanza Sudan mwezi wa Aprili 2023 viliwatawanya wanafunzi, na wa kwetu wakarudishwa nyumbani, wengine masomo yao yakiwa nusu. Hakuna aliyekosa kwa kwenda, maana ghaibu haijui ila Mwenyezi Mungu. Lakini funzo limo: anayemtuma mwanawe mbali aulize mapema, ikiwa njia itafungwa, masomo aliyokwisha kuyasoma yatapokelewa wapi? Na awe na nakala ya vyeti vyake vyote nyumbani.

Tena, katika majira haya ya kungoja huzuka watu wasemao wanaijua njia ya ndani, wakitaka bahasha ili jina lipandishwe. Mkimbieni mtu huyo. Akiwa mwongo, mali yenu imekwenda. Na akiwa mkweli, mmeinunua haki ya mtoto wa mwenzenu kwa rushwa, na elimu iliyoingiliwa kwa dhuluma haina baraka.

Sasa nakuja kwa yule wa tatu, asiye na barua, au mwenye barua ambayo nyumba yake haiiwezi mwaka huu. Huyu ndiye niliyemkusudia zaidi, kwa maana ndiye anayejificha.

Nataka mkumbuke kisa cha Nabii Musa, alayhi ssalaam. Alilelewa katika jumba la Firauni; akatoka Misri akikimbia, hana mali wala cheo. Akafika katika kisima cha Madyan, akawanywesheza wanyama wasichana wawili waliokuwa wakisubiri, kisha akakaa kivulini na kumwomba Mola wake. Baba yao akamwita. Na walipatana nini? Walipatana kazi: amtumikie miaka minane, na akitimiza kumi itakuwa ni ihsani yake, na wanazuoni wamesimulia kwamba alitimiza kumi. Tazameni, enyi vijana. Mtu aliyekuwa akiandaliwa kuusimamisha umma alipitisha miaka hiyo akichunga kondoo wa mtu. Nani atasema miaka ile ilipotea? Lakini tazameni pia ilivyokuwa. Ilikuwa na kazi inayojulikana. Ilikuwa na muda uliotajwa. Na ilikuwa na mzee wa kumsimamia. Kazi, muda na msimamizi: hivyo vitatu ndivyo vinavyotenga kungoja na kupotea.

Kijana akisema, nitapumzika mwaka huu kisha nitaona, huyo hana hata kimoja katika vitatu. Wahenga walisema subira yavuta heri, na wahenga wale wale wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakujipinga. Subira ina kazi mkononi. Ngoja ngoja ina mikono mitupu. Lakini kijana akisema: mpaka Julai nitafanya kazi katika duka la ami yangu, nitaweka akiba kila juma, usiku nitasoma tena somo nililoshindwa, na maalim fulani ataniuliza kila Ijumaa, huyo hakuchelewa. Huyo amekwisha kuanza.

Wako walioingia katika boda-boda kwa nia ya kukusanya ada, nami siwalaumu, kazi ya halali haina aibu. Nawaonya juu ya jambo moja tu: fedha ya kila siku ina ladha. Mwaka wa kwanza hukusanya ada. Wa pili hununua simu. Wa tatu haukumbuki tena chuo. Kwa hiyo akiba isikae mfukoni mwa mwenyewe. Ikae kwa mtu mwaminifu, na muda uandikwe.

Na ijulikane kwamba milango haifungwi yote kwa siku moja. Aliyeshindwa somo aweza kulirudia. Aliyepungukiwa aweza kusoma stashahada, kisha akaingia chuo kikuu kwa njia ya stashahada. Makerere ina na mtihani wa watu wazima, kwa waliotimiza umri wa miaka 25 na zaidi. Njia ndefu nayo ni njia.

Mkitaka mfano wa karibu, tazameni chuo kikuu cha Kiislamu kilichopo hapa mjini kwetu. Wakuu wa nchi za Kiislamu walikutana Lahore, Pakistan, mwaka 1974, wakakata shauri kwamba vijengwe vyuo vikuu viwili katika Afrika, kimoja Niger na kimoja Uganda. Kisha ikapita miaka 14. Katika miaka hiyo nchi yetu iliona vita vya mwaka 1979 na misukosuko iliyofuata. Wangapi walisema neno lile limekufa? Chuo kilifunguliwa mwaka 1988, na wanafunzi wa kwanza walikuwa 80 tu. Leo mnayajua matawi yake, na walimu na makadhi na watu wa maofisini waliotoka humo hawahesabiki kwa vidole. Ikiwa chuo chenyewe kilingoja miaka 14 kikaja kuwa chuo, mwanao akingoja mwaka mmoja amepungukiwa nini?

Lakini nina neno zito, nalo ni juu ya mabinti. Mwaka wa kungoja haumwangukii binti kama unavyomwangukia kaka yake. Kaka akikaa nyumbani huambiwa anatafuta ada. Dada akikaa nyumbani miezi mitatu, posa huja. Na baba aliyekuwa na mashaka juu ya ada huona ameondolewa mzigo. Ndoa ni sunna, wala siisemi vibaya. Nasema kwamba kumwoza binti kwa sababu ada imekosekana, hali yeye ameomba kusoma, si kutafuta sunna, ni kutafuta nafuu. Makerere tangu mwaka 1990 ilianza kuwaongezea wasichana alama moja na nusu ili wapate kuingia. Je, wageni wamfungulie binti yetu mlango na sisi wenyewe tumfungie? Na anayehofia maadili ajue kwamba chuo kikuu cha Kiislamu kina tawi la wanawake watupu Kabojja, karibu na Kampala. Basi ikiwa binti angoja mwaka, naye apewe vile vitatu: kazi, muda na msimamizi. Na posa ikija, aulizwe yeye mwenyewe. Na akiikubali, sharti la kusoma litajwe na liandikwe katika mapatano kabla ya siku ya akdi.

Watu huniuliza: na istikhara je? Naam. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, aliwafunza masahaba wake istikhara katika mambo yao yote kama alivyowafunza sura za Kurani. Lakini wengi wameigeuza ikawa kama ramli. Husali rakaa mbili, wakalala wakingoja ndoto ya rangi ya kijani. Istikhara si kungoja ndoto, wala haisaliwi badala ya kuuliza. Uliza kwanza wenye ujuzi: walimu, waliosoma fani ile, wanaofanya kazi ile. Piga hesabu katika karatasi. Kisha, ukiwa umeelekea upande mmoja, sali, umkabidhi Mola wako, na uende. Likiwa na heri litakuwa jepesi, na likiwa na shari litageuzwa. Nawe ukigeuzwa uridhike. Yule bedui aliambiwa amfunge ngamia wake ndipo atawakali. Hakuambiwa amwache huru kisha amtafute kwa dua.

Namalizia kwa kuielekea Jumuiya yenyewe, kwa kuwa si haki kuwabebesha wazazi mizigo na sisi viongozi tukanyosha mikono. Naomba mambo matatu.

Kwanza, Halmashauri iteue watu watano, wawili wao wakiwa wanawake, katika walimu na watu wa maofisini tulio nao, wawe wakikaa msikitini baada ya sala ya Ijumaa tangu siku matokeo yanapotoka mpaka Agosti. Kazi yao iwe kusoma barua pamoja na wazazi, kupiga hesabu ya mihula yote, na kuuliza idhini ya fani.

Pili, vijana wanaongoja wapewe kazi katika madrasa zetu. Watoto wetu wadogo wana haja ya mtu wa kuwafunza hisabati na Kiingereza jioni. Aliyemaliza kidato cha sita aweza kufunza, na Jumuiya impe ujira mdogo unaowekwa akiba kwa jina lake mpaka siku ya kuingia chuo.

Tatu, mfuko wa elimu wa Jumuiya usitawanywe kwa kumpa kila mmoja nauli ya kuanzia. Afadhali tuwashike wachache mpaka wamalize, kisha hao wawashike wengine, kuliko kuwaanzisha wengi na kuwaacha njiani. Na wale wenye zaka waje tuzungumze na wanazuoni namna mwanafunzi aliye fakiri anavyoingia katika mafungu yake.

Enyi vijana, mtu asiwadanganye kwamba maisha yenu yote yameandikwa katika barua moja. Aliyepata ashukuru, wala asimcheke aliyekosa. Aliyekosa asihusudu, wala asijifiche. Msikiti ni nyumba yake, aje tuketi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na riziki ya halali, na mwisho mwema kuliko mwanzo. Awarehemu wazee wetu waliotamani siku hizi wasizione. Aipe Jumuiya yetu umoja, na viongozi wake uaminifu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.